Kabla ya Kumpima Mtoto, Muulize Aliumia Wapi

Wasee wa kikapu, leo tuongee kuhusu hii biashara mpya ya kupima watoto.

Kama unafuatilia mpira wa vikapu wa vijana hapa Nairobi, ushaiona. Kambi ya likizo inatangazwa, bango safi, picha ya kijana akiruka, na chini kabisa mstari mmoja: kipimo cha mwendo wa mwili, Sh 3,000 kando na ada ya kambi. Mtoto anafika, anaambiwa achuchumae akiwa ameinua fimbo juu ya kichwa. Avuke kamba bila kuyumba. Alale chali ainue mguu ukiwa umenyooka. Apige pushapu. Pembeni kuna mtu na tableti anaandika. Baada ya dakika kumi mtoto anapewa namba na rangi. Kijani, uko sawa. Njano, jichunge. Nyekundu, wewe utaumia.

Mimi hurekodi mechi za vijana kila wikendi, nazikata ziwe video fupi, wazazi wananunua na watoto wanajitumia kutafuta shule. Kwa hivyo niko kando ya uwanja kila Jumamosi, na nimekaa karibu na haya mambo ya kutosha kuwa na msimamo. Msimamo wangu ni huu: swali lenye nguvu zaidi kuhusu mwili wa mchezaji kijana ni la bure, na karibu hakuna anayeliuliza. Uliumia wapi, lini, na ulipona vipi?

Kabla mtu aniulize nimesomea wapi: sikumaliza. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata nilichokuwa nasoma hakikuwa udaktari. Lakini utafiti mwingi wa haya mambo uko wazi kwa yeyote mwenye bando na subira. Nimeusoma. Acha nikupe kile nilichopata, halafu ubishe ukitaka.

Kwanza, hiki kipimo kilitoka wapi?

Kile maarufu zaidi kinaitwa Functional Movement Screen, FMS kwa kifupi. Kilibuniwa Marekani miaka ya 1990 na Gray Cook na Lee Burton. Kina mazoezi saba, kila moja linapewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla ni 21. Ukisikia kocha anasema mtoto amepata "chini ya 14" na sura imekunjamana, hiyo 14 ina historia yake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wachezaji 46 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Waliopata 14 kushuka chini walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kuumia vibaya msimu huo. Watu 46, wanaume wazima, mchezo tofauti. Namba ikatoka hapo ikazunguka dunia, na leo inamkuta msichana wa miaka 14 anayecheza kwenye saruji ya Umoja na viatu vya Gikomba.

Watafiti wengine walifuata. Kufikia 2017 wakakusanya tafiti nyingi pamoja wakauliza kama jumla ya alama za FMS inatabiri nani ataumia. Jibu lilikuwa kwamba uhusiano upo hapa na pale, lakini ni dhaifu mno kutumiwa kama utabiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Roald Bahr, profesa wa tiba ya michezo kutoka Norway, alikuwa ameandika makala ambayo kichwa chake chenyewe kilikuwa kinasema vipimo vya kutabiri majeraha havifanyi kazi na pengine havitawahi kufanya.

Hoja ya Bahr sio ngumu. Hebu tuhesabu pamoja kwa mfano wa kubuni. Tuseme una watoto 100 kwenye ligi yako. Msimu huu 20 wataumia. Unawapima wote mwanzoni, 30 wanapata nyekundu na 70 kijani. Kati ya wale 30 wa nyekundu, 9 wanaumia. Kati ya 70 wa kijani, 11 wanaumia. Ukiangalia haraka, nyekundu wako kwenye hatari karibu mara mbili, na mtu anaweza kuandika hivyo kwenye bango bila kudanganya. Lakini angalia tena. Watoto 21 wameambiwa wataumia na hawakuumia. Na kati ya 20 walioumia, wengi zaidi, 11, walikuwa wameambiwa wako sawa. Sasa mzazi wa mtoto wa kijani ambaye ametoa Sh 3,000 na kijana wake ako na plasta, utamwambia nini?

Sisemi vipimo vyote ni bure. Lazima tuwe wakweli pande zote. Mwaka 2006 kuna utafiti ulifanywa kwa wachezaji 235 wa kikapu wa shule za upili huko Indiana. Walisimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine mbali kadiri wanavyoweza, mbele na nyuma. Wale ambao mguu wa kulia na wa kushoto ulitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4 kwenda mbele walikuwa na uwezekano mara mbili na nusu wa kuumia mguu. Hiyo ni kikapu, ni vijana, na ni kipimo unachoweza kufanya na chaki chini. Kwa hivyo kuangalia mwendo kuna faida yake. Kunakuonyesha mguu upi umelegea, nyonga ipi imekaza, nini cha kufanyia mazoezi. Shida inaanza pale kipimo kinapogeuzwa mganga wa kupiga ramli.

Halafu usisahau hawa ni watoto. Kijana wa miaka 14 anaweza kuongeza sentimita kadhaa kati ya muhula wa kwanza na wa pili. Mifupa inakimbia, misuli na kano zinabaki nyuma zikivutwa. Ndio maana unaona watoto wengi na kile kinundu chini ya goti, kinauma wakiruka na wakipiga magoti. Kinaitwa Osgood-Schlatter, na madaktari wanakijua tangu 1903. Mtoto wa aina hiyo ukimpima Januari, mwili uliopima haupo tena ikifika Agosti. Lakini karatasi bado ina rangi ileile.

Sasa twende kwa lile swali la bure.

Mwaka 2001 watafiti wa Australia walichapisha kazi kubwa kuhusu kifundo cha mguu kwenye kikapu. Kifundo ndicho kinachoumia zaidi kwenye huu mchezo, hilo kila anayecheza analijua: unashuka na ribaundi, unakanyaga kiatu cha mtu, mguu unapinda ndani, kwisha. Walitafuta nini kinamweka mchezaji hatarini. Kitu kilichoongoza kilikuwa hiki: mtu aliyewahi kuumia kifundo alikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kuumia tena. Na kuna jambo lingine walilipata ambalo linanikaa kichwani. Zaidi ya nusu ya walioumia kifundo hawakuenda kwa mtaalamu yeyote. Hiyo ni Australia, nchi ya pesa. Sasa piga hesabu ya hapa kwetu, ambapo matibabu ni maji moto na chumvi, halafu mjomba fulani anakuja kuuvuta mguu mpaka ulie.

Mwaka 2006 kule Wisconsin, Marekani, waliwafuata wanafunzi 765 wa shule za upili wanaocheza soka na kikapu. Aliyewahi kuteguka kifundo alikuwa na hatari mara mbili ya mwenzake ya kuteguka tena. Namba zinatofautiana kati ya utafiti na utafiti, lakini mwelekeo ni uleule. Jeraha la zamani ndilo linaloita jipya.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kuacha kuuma sio kupona. Ukiteguka, kano zinazoshika kifundo zinavutika au kuchanika. Ndani yake kuna neva ambazo kazi yao ni kuuambia ubongo mguu umekaa vipi bila wewe kuangalia chini. Uvimbe unaisha baada ya wiki moja au mbili. Maumivu yanapungua. Lakini ile hisia ya mguu kujua uko wapi hairudi yenyewe, inarudishwa na mazoezi. Misuli ya pembeni nayo imelala. Kijana anarudi uwanjani akijiona mzima, na mwili wake unachelewa nukta moja kila anapotua. Tena bila kujua anauhurumia mguu mbovu na kuulemea mzima, kwa hivyo jeraha la pili linaweza kutokea mahali tofauti kabisa.

Mifano mikubwa unaijua. Derrick Rose alikuwa MVP wa NBA 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko yeyote kabla yake. Aprili 2012 kano ya ACL ya goti la kushoto ikachanika. Akakaa nje msimu mzima uliofuata. Aliporudi Novemba 2013, goti lililomtoa halikuwa lile la kushoto. Lilikuwa la kulia.

Upande wa pili kuna Stephen Curry. Watu wanasahau kwamba kabla ya pete zote hizo, jina lake lilikuwa vifundo vibovu. Alipasuliwa 2011, akapasuliwa tena 2012, na msimu wa 2011-12 alicheza mechi 26 tu. Ndio maana alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, ambao baadaye ulionekana pesa kidogo sana kwa mtu wa kiwango chake. Tofauti ni kwamba kila mtu karibu yake alijua historia hiyo, na kazi ikapangwa juu yake: nguvu za nyonga, namna ya kubeba mwili, vishikizo vya vifundo kila mechi. Yaani historia mbaya haikumaliza mtu. Ilikuwa ramani.

Na sasa angalia kitu ambacho wauzaji wa vipimo hawakisemi. Kwenye ile FMS yenyewe, kuna alama ya sifuri. Sifuri haimaanishi umeshindwa kuchuchumaa. Inamaanisha umesikia maumivu ukijaribu. Hata ukichuchumaa vizuri namna gani, ukisema "inauma", unapata sifuri na unatakiwa uonwe na mtu wa afya. Kwa hivyo sehemu muhimu kuliko zote ya hicho kipimo cha elfu tatu ni swali: inauma? Na swali hilo linategemea kitu kimoja tu, kama mtoto yuko tayari kukuambia ukweli.

Hapo ndipo shida yetu kubwa iko.

Watoto wetu hawasemi. Nimekaa nyuma ya benchi na maikrofoni, nasikia vile wanaongea kocha akigeuka. Mmoja anamfunga mwenzake bandeji chooni ndio kocha asione. Mwingine anameza dawa mbili za maumivu kabla ya mechi, nyingine mbili baada ya nusu. Nimeona kijana amevaa soksi tatu mguu mmoja, nikamuuliza, akacheka akasema "ni baridi tu, brathe." Ilikuwa Februari, jua la saa nane.

Usiwaite wajinga. Wanapiga hesabu. Mpira wa vikapu wa shule za upili unachezwa kwenye michezo ya muhula wa kwanza. Muhula ni mfupi. Kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, yote yamebanwa kwa wiki chache, na ukifika mashindano ya kitaifa unaweza kucheza kila siku. Ukisema kifundo kinauma wiki ya pili ya Februari, hujakosa mechi moja, umekosa mwaka mzima. Kuna aliye nyuma yako anayesubiri jezi hiyo. Na kwa wengine hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu wanasomeshwa na mpira. Shule imewachukua kwa urefu na mkono, karo inalipwa au inapunguzwa, na nyumbani mathee anauza mboga akijua hiyo bili imeshughulikiwa. Mtoto kama huyo unamwambia nini? "Kuwa mkweli kuhusu goti lako"? Ukweli huo una bei, na bei ni masomo yake.

Juu ya hapo tunamwagia neno moja ambalo kila Mkenya aliyepitia bweni analijua: jikaze. Jikaze ukiwa na homa, jikaze ukiwa na njaa, jikaze goti likivimba. Wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi ndio tumemfundisha mtoto kuficha, halafu tunashangaa akianguka kwenye fainali bila mtu kumgusa.

Kwa hivyo unaona kwa nini hii biashara ya rangi inanikera. Ukimletea mtoto wa hivyo kipimo kinachompa nyekundu, umemwongezea sababu moja zaidi ya kuficha. Na kuna mahali, sitataja, ambapo orodha ya alama za watoto wote iliwekwa kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi, majina kamili, rangi na maelezo. Kesho yake watoto walikuwa wanaitana "nyekundu" mazoezini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Taarifa za afya ni data nyeti, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Hiyo sio tabia mbaya tu, ni kuvunja sheria.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza mambo manne. Yote yanawezekana hata kwa shule isiyo na ukumbi.

La kwanza ni daftari. La kawaida, la kurasa 96. Kila mchezaji apewe ukurasa wake mwanzo wa mwaka, na mtu mzima mmoja anayeaminika akae naye dakika tano faraghani aulize:

1. Umewahi kuumia nini kilichokufanya ukose mazoezi au mechi? Upande gani, lini?
2. Ulikaa nje muda gani, na nani alikuambia urudi?
3. Kuna kitu kinauma saa hii, hata kidogo? Kinauma ukiruka, ukitua, au usiku?
4. Goti au kifundo huwa kinakuachilia, kama kinataka kutoka?
5. Umewahi kugongwa kichwa ukaona giza au ukasahau mambo?
6. Wiki hii umecheza au kufanya mazoezi siku ngapi ukihesabu shule, timu ya mtaa na kanisa?
7. Unalala saa ngapi, na unakula nini kabla na baada ya mazoezi?

Kwa wasichana ongeza swali kuhusu hedhi, na liulizwe na mwanamke. Hedhi ikipotea miezi mitatu kwa msichana anayefanya mazoezi asubuhi na jioni, mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa ndiyo italipa. Kumbuka pia kwamba kwenye kikapu wasichana wanachana ACL zaidi ya mara mbili ya wavulana. Hawa ndio wa kuangaliwa kwanza, na kwetu ndio wanaopewa uwanja saa jua limeisha.

Swali la sita usilipuuze. Kuna vijana wanacheza timu tatu na hakuna kocha kati ya hao watatu anayejua. Kila mmoja anadhani yeye ndiye pekee anayemchosha.

La pili: anayeshika daftari asiwe anayechagua kikosi. Awe matroni, mwalimu mwingine, mzazi aliye muuguzi, mtu yeyote ambaye mtoto anajua hatamkata jina. Kocha aambiwe kinachohitajika tu: huyu kifundo cha kulia kimeteguka mara mbili, mpe mazoezi haya, asiruke sana wiki hii. Na kwa shule zinazosomesha watoto kwa sababu ya mpira nasema wazi, wekeni kwa maandishi kwamba jeraha halifuti karo. Mtoto ameumia akiwa amevaa jezi yenu. Kama ahadi yenu inakufa siku goti lake linakufa, mmekodisha miguu, hamkumsaidia mtu. Na mpaka ahadi hiyo iandikwe, daftari lote litajaa uongo.

La tatu: kila mtu afanye mazoezi ya kinga, nyekundu, njano na kijani. Hii ndiyo sehemu yenye ushahidi mzuri zaidi, na ndiyo isiyouzika kwa sababu haina tableti. Ule utafiti wa Wisconsin niliotaja uliwapa nusu ya wanafunzi mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja na kujizuia kuyumba. Kuteguka vifundo kulipungua kwa asilimia 38. Mwaka 2011, huko huko Wisconsin, wachezaji wa kikapu 1,460 walifuatwa. Waliovaa kishikizo cha kifundo cha kufunga kwa kamba walipata majeraha ya kifundo mara tatu chache kuliko wasiovaa, na kilisaidia waliowahi kuumia na ambao hawajawahi.

Na usiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Oluwatoyosi Owoeye, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Nigeria, na wenzake walichukua ile programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili moto wakaipeleka kwenye ligi ya vijana ya Lagos. Timu 20, wachezaji 416 wa miaka 14 hadi 19, viwanja vya Kiafrika. Matokeo yalichapishwa 2014: majeraha yote yalipungua kwa asilimia 41, ya miguu kwa asilimia 48. Ilikuwa soka, ndio. Lakini 2012 programu hiyohiyo ilikuwa imejaribiwa Italia kwa wachezaji wa kikapu 121, na majeraha yakapungua. Inachukua kama dakika 20. Kukimbia kwa mitindo tofauti, kujishikilia kwa viwiko, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa hayajaingia ndani, kusimama mguu mmoja huku mwenzako anakusukuma. Hakuna kifaa cha kununua.

La nne: kurudi uwanjani kuwe na mlango. Leo mlango wetu ni mtoto kusema "niko fiti, kocha." Weka mambo machache kwenye ukurasa wake. Hakuna uvimbe. Anasimama kwa mguu ulioumia sekunde 30 bila kuyumba sana. Anaruka kwa mguu huo mara 10 bila maumivu na bila kuogopa. Anakimbia, anasimama ghafla, anageuka pande zote mbili. Amemaliza mazoezi kamili angalau mara mbili kabla ya mechi. Akishindwa moja, bado. Na goti likitoa mlio, likivimba ndani ya saa chache, au likiwa linaachilia, hapo hakuna cha maji ya chumvi. Hospitali siku hiyohiyo.

Najua mtasema nini.

"Lakini NBA wanapima." Ndio, wanapima. Pia wana madaktari wanaomwona mchezaji kila siku, wanajua kila jeraha lake tangu utotoni, na wana mtu wa kufanyia kazi kile kipimo kilichoonyesha. Kwao kipimo ni ukurasa mmoja wa kitabu kinene. Sisi tumenunua ukurasa bila kitabu.

"Lakini wataalamu wetu wa fizio nao wale wapi?" Swali halali. Tunao vijana wengi wamesomea fiziotherapia wakakosa kazi, wengine ni marafiki zangu. Mimi nataka walipwe, na walipwe zaidi. Shule tano za mtaa mmoja zichange, fizio aje mara moja kwa wiki, apitie daftari, awaangalie waliowahi kuumia kwanza, awafundishe makocha lile zoezi la dakika 20. Hapo ndipo kipimo cha mguu mmoja kina maana, kwa sababu yupo mtu wa kufuatilia kesho na kesho kutwa. Kinachonichoma ni ile ya kupima watoto 80 asubuhi moja na kupotea na pesa.

"Lakini watoto watadanganya tu." Watadanganya mwaka wa kwanza. Halafu mmoja atasema ukweli, atapumzishwa wiki mbili, atarudi na atapata nafasi yake palepale. Wengine watakuwa wanaangalia. Watoto huwa wanaangalia sana kile tunachofanya na yule wa kwanza.

"Lakini kocha hana muda." Kocha huyohuyo anawazungusha uwanja raundi kumi kabla ya mazoezi, kisha wanasimama wanajinyoosha wakipiga stori. Muda ndio huo.

Mzazi, wewe una kazi moja wiki hii. Usimuulize mtoto wako alifunga pointi ngapi. Muulize nini kinauma, nyamaza, subiri. Akijibu, usimwambie ajikaze. Andika tarehe.

Kocha, kama uko Eastlands au popote matatu inafika na unataka kuanzisha hizi dakika 20 na timu yako, nitafute. Nitakuja Jumamosi asubuhi na simu yangu, niwarekodie zoezi lote kwa Kiswahili, zoezi kwa zoezi, ili timu nyingine pia zione. Hiyo sitachaji. Mkiwa na daftari tayari nitalileta hata kalamu.